Mtu wa Sita kwenye Kadi

Mtu wa sita kwenye kadi ya mgao ya mama yangu mdogo nilikuwa mimi.

Nimeliandika haraka ili nisipate nafasi ya kulipamba. Kwa miaka mingi nimelikana jambo hili mbele ya watu wenye mihuri na mbele ya watu wasio na kitu, na nimelikana kwa ufundi, maana nilisomeshwa kwa kodi za wananchi ili nijue kupanga maneno. Niliwahi kusimama mbele ya ukumbi uliojaa wanafunzi nikazungumza saa nzima kuhusu deni la mwandishi kwa ukweli. Walipiga makofi. Nikamaliza soda yangu, nikaenda nyumbani.

Mama yangu alivuka kutoka Burundi akiwa msichana, katika wimbi la zamani, akaolewa Ujiji na Muha aliyekuwa fundi wa baiskeli. Mimi nilizaliwa Ujiji, nikasoma Ujiji, na Kirundi changu ni cha jikoni: najua kuomba chumvi na kufukuza mbuzi. Nilipokuwa kidato cha tano vita vilirudi upande ule, na mdogo wake mama akaja navyo. Alifika Kagunga, kijiji cha ziwani karibu na mpaka, akiwa na mume na watoto watatu. Nyumbani alikuwa ametoka na watoto wanne. Binti mkubwa, rika langu kabisa, alikufa kwa homa njiani, wakamzika mlimani kabla hawajateremka ziwani, mahali ambapo baadaye mama mdogo hakuweza kumwelekeza mtu yeyote.

Alipofikishwa kambini na kuulizwa na karani ana watu wangapi, alitaja majina kama alivyozoea kuwaita waje kula, na jina la binti likatoka pamoja na mengine. Karani akaandika sita. Kisha akasema kesho wote sita waje wenyewe, kila mmoja achovye kidole kwenye wino.

Ujumbe ulifika Ujiji jioni ile kwa dereva wa lori. Baba alisema huo ni wizi. Mama hakubishana naye. Alinigeukia mimi akasema, "Usipokwenda, mwenzako atakufa mara ya pili." Basi nikapanda lori alfajiri, nikasimama foleni kwa jina la binamu yangu kama maiti aliyekuja kujiandikisha mwenyewe. Wino ulikuwa wa zambarau. Mama mdogo alinishika ule mkono hadi ulipokauka, akaniita *mwana wanje*, mwanangu, na sikujua anamwita nani.

Sikufikiri siku ile kwamba tunaiba chakula. Nilikuja kufikiri baadaye, nikiwa nakila. Kila baada ya mgao kulishuka Ujiji maharage kidogo, unga wa njano, na mafuta katika kopo lenye maandishi ya kigeni. Mama aliukaanga ule unga kwanza ili kuua harufu. Ninaweza kusema, bila kutia chumvi, kwamba binamu yangu marehemu alinilisha hadi nikamaliza kidato cha sita.

Shida ilikuwa ukaguzi. Mara kwa mara watu wa kambi walizunguka nyumba kwa nyumba wakiwa na orodha, wanahakiki kama waliomo kwenye kadi wamo ndani. Nisingeweza kupanda lori kila walipoamua kuhesabu. Kwa hiyo nilimtungia mama mdogo jibu. Hakuwa na Kiswahili wakati ule, ila maneno ya sokoni. Nilikaa naye kwenye mkeka mchana mzima tukakariri: akija mtu mwenye sare na karatasi, akiuliza binti yuko wapi, unajibu, "Yumo ndani. Anaumwa." Nikamfundisha pa kushusha sauti. Wakaguzi waliogopa kuhara kuliko walivyoogopa udanganyifu, hawakuingia. Sentensi ile ilifanya kazi ukaguzi baada ya ukaguzi, na mimi niliionea fahari. Ndiyo kazi yangu ya kwanza ya uandishi iliyopata wasomaji.

Chuo kikuu hawakunichukua mwaka ule wala uliofuata. Nilikaa nyumbani nikiwa msomi wa mtaa, yaani mtu anayewaandikia wengine barua na hakuna anayemwoa wala kumwajiri. Ndipo likabandikwa tangazo kwenye ubao wa wilaya: chuo cha maendeleo ya wananchi, kile kilichozoeleka kwa useremala na ushonaji, kitaendesha mafunzo ya zimamoto kwa miezi sita. Kambi zilikuwa zinaungua kila kiangazi, na wafadhili walikuwa wamechoka kutuma maturubai. Sikuwahi hata siku moja kutamani kuzima moto. Nilitamani kuwa kwenye orodha ya mishahara, yoyote ile.

Wanafunzi walitakiwa wawe wazawa wa mkoa. Kwenye fomu kulikuwa na swali: una ndugu anayeishi kambini? Mwaka ule halikuwa swali la hivi hivi. Wazawa waliokutwa na kadi za mgao walikuwa wanachukuliwa, na wakimbizi waliojifanya wazawa walikuwa wanapakiwa kwenye malori. Mama yangu, ambaye alikuwa ameishi Ujiji muda mrefu kuliko alivyoishi kwao, hakuwa na karatasi yoyote zaidi ya cheti cha ndoa kilicholiwa na mende. Nikijulikana ningepoteza chuo, mama mdogo angepoteza kadi, na mama angeulizwa maswali. Niliandika "Hapana". Niliiandika kwa mwandiko mzuri sana.

Tulikuwa kumi na wanane, wanawake watatu. Mwisho wa mafunzo atakayeongoza angepata nafasi moja iliyokuwapo katika kikosi cha mji. Moja tu. Wengine wangerudi makwao na cheti, na elimu ya kuzima moto mahali pasipo na maji.

Gari la zimamoto halikuwapo. Tulikuwa na lori la mbao lililofungwa tangi, pampu ya mkono iliyotaka watu wawili wenye hasira, na ndoo. Viatu vilitoka kwa wafadhili, ambao bila shaka waliambiwa kwamba Kigoma kuna majitu: kiatu kidogo kabisa kilikuwa namba arobaini na tatu. Mimi navaa thelathini na nane. Nilijaza vipande vya khanga kuukuu mbele na nyuma, na nikikimbia nilisikika kama bata anayekimbilia harusi.

Mkufunzi wetu alikuwa mzee aliyestaafu zimamoto ya bandari, mtu wa maneno machache. Alisema, "Moto una haraka. Wewe usiwe nayo." Alitufungia ndani ya banda la mbuzi lililojaa moshi wa majani mabichi, tutambae, tutafute gunia lililovalishwa shati, tutoke nalo. Mara ya kwanza nilitoka kwa ushujaa mkubwa nikiburuta gunia la mkaa la mpishi wa chuo. Mara ya pili nilitoka na gunia lile lile.

"Msomi, umeokoa mkaa tena," alisema yule kijana wa Kibirizi.

"Mkaa nao una haki zake," nikamjibu, nikitapika.

Huyo ndiye aliyekuwa mwenza wangu. Mkufunzi alitupanga wawili wawili, na jozi haikubadilishwa hadi mwisho. Mama yake alikuwa anaanika dagaa pale Kibirizi, na yeye alikulia majini, akipiga mbizi kuwanasulia wavuvi nyavu zilizokwama kwenye miamba. Alikuwa na kifua ambacho kingeweza kubana pumzi hadi ukaanza kumwombea. Nilimuuliza kwa nini ameacha ziwa. Alisema amechoka kupigana na maji, anataka kazi ambayo maji yatakuwa upande wake. Alinitania kuanzia asubuhi hadi jioni, kwamba mimi nitauzima moto kwa kuusomea risala, na mimi nilimtania kwamba ananuka dagaa hata kwenye moshi. Kila jaribio aliongoza, mimi nikafuata, kwa sababu nilikuwa hodari wa mitihani ya kuandika na yeye alikuwa hodari wa yote mengine. Alijua nafasi ni yake. Nami nilijua. Haikutuzuia kupendana kama ndugu, lakini ilinifanya nilale nikihesabu alama.

Kanuni za mkufunzi zilikuwa chache na alizirudia hadi tukaziota. Usiingie kwa ajili ya moto, ingia kwa ajili ya mtu. Kabla ya kuingia uliza nani yumo. Mwenye nyumba akikwambia mtu yumo, basi yumo. Huna muda wa kumpima. Na kitambaa cha maji unachofunga usoni, mwenza wako ndiye anayefunga fundo kisogoni, kwa sababu yeye anaona usichokiona, na kwa sababu, alisema, mtu akufungaye anajua amekutuma.

Mwezi wa mwisho ulikuwa wa mazoezi kambini. Kabla ya kwenda, mkufunzi alipata wazo ambalo kila mtu alilisifu. Kwenye moto watu huchanganyikiwa, mama husahau hata idadi ya watoto wake. Lakini kila nyumba ya kambini ina kadi, na kadi ina majina. Basi kila kiongozi wa kijiji cha kambi apewe nakala ya orodha, na siku ya moto aisome kwa sauti. Asiyeitika ndiye wa kutafutwa. Akatafutwa mwenye mwandiko mzuri wa kunakili. Nilinakili siku tatu. Nilipofika kwenye kaya ya mama mdogo mkono ulisimama. Ningeweza kuruka mstari mmoja. Lakini orodha zilihesabiwa na kulinganishwa, na mstari uliokosekana ungeonekana una mkono wangu. Niliandika mume, niliandika mama mdogo, nikaandika watoto watatu. Nikaandika jina la sita.

Niliomba kupangwa upande mwingine wa kambi. Mkufunzi akauliza sababu. Nikasema napenda kutembea. Akanipanga karibu.

Mama mdogo aliniona siku ya kwanza tulipopita na mkokoteni wetu. Tulikuwa tumeshakubaliana, kupitia kwa mama, kwamba hatujuani. Alinisalimia kama anavyosalimiwa mtu wa serikali, akainama kidogo. Nikaitikia kama mtu wa serikali. Wanawe walifundishwa pia. Yule mdogo alinitazama hadi nilipokunja kona.

Ilikuwa mwezi wa nane, nyasi zimekauka, upepo unatoka bondeni. Saa saba mchana iligongwa ile rimu ya gari iliyokuwa king'ora chetu. Tulikimbia na pampu juu ya mkokoteni na mapipa mawili, sisi wanne na mkufunzi, na kabla hatujafika nilikuwa nimekwisha kuijua njia.

Nyumba tatu zilikuwa zinawaka, ya katikati ni ya mama mdogo. Ukuta wa matofali mabichi, vyumba viwili, cha ndani hakina dirisha; juu nyasi, chini ya nyasi turubai. Turubai likishika moto halianguki, linadondoka tone tone, na kila tone linawaka. Nje nilimwona mama mdogo na sufuria mkononi. Mumewe kashika watoto wawili. Wa tatu kakalia godoro. Nilihesabu kwa macho mara moja, tano, na nilipata faraja kubwa hata nikakaribia kucheka. Kwangu mimi moto ule ulikuwa umekwisha. Zilizobaki zilikuwa nyasi.

Kisha akaja kiongozi wa kijiji akikimbia, na orodha yangu ndani ya mfuko wa nailoni. Alikuwa mtu wa utaratibu. Aliisoma kwa sauti kama alivyoelekezwa, na wao wakaitika mmoja mmoja, kama siku ya mgao. Jina la sita halikuitikiwa. Akalirudia.

Mkufunzi alimwendea mama mdogo, na sare yake, na kiongozi pembeni na karatasi. "Mama, huyu binti yuko wapi?"

Alijibu kwa Kiswahili safi, bila hata lafudhi, na mwishoni akashusha sauti pale pale nilipomfundisha. "Yumo ndani. Anaumwa."

Niliona uso wake ukishtuka baada ya maneno kutoka, kama mtu aliyeangusha kitu kisimani. Akanitazama. Wengine walidhani anatazama nyumba, maana nilikuwa nimesimama upande wa mlango na mpira wa maji mkononi. Alikuwa ananisubiri mimi. Kiswahili chake kilikuwa kimeishia pale. Sentensi ya kuifuta ile nyingine sikuwa nimemfundisha, na Kirundi mkufunzi hakukijua. Mumewe alitazama chini.

Mwenza wangu alikuwa ameshachovya kitambaa pipani. Alijifunga kamba kiunoni, akaniwekea kisogo chake, akichuchumaa kidogo kwa kuwa mimi ni mfupi.

"Funga vizuri, Msomi."

"Nimefunga," nikasema.

Hayo ndiyo yote niliyosema. Fundo lile lilichukua muda wa kutosha kutamka, "Hakuna mtu." Nimewahi kujaribu baadaye nikiwa peke yangu, na kitambaa na saa ya mkono. Muda unatosha kuitamka mara nne, na ya nne unaweza kuitamka polepole.

Aliingia akitambaa. Mimi nilimwagia maji mlangoni, wenzetu wakipampu. Alitoka mara moja, akavuta hewa kwa namna ile ya mtu anayeibuka na wavu, akamtikisia mkufunzi kichwa kwamba bado, akarudi. Mara ya pili hakuna aliyemtuma. Mkufunzi alikuwa anamwita kwa kamba. Nilifungua mdomo. Sitadai kwamba sauti ilikwama, kama watu wanavyoandika vitabuni. Sauti ilikuwapo. Nilikuwa naitafutia sababu ya kutoka ambayo isingenitaja mimi, na kabla sijaipata paa lilishuka.

Tulimvuta kwa kamba. Alikuwa amekumbatia kitu, na wanawake wakaanza kulia kwa furaha hadi tulipomgeuza.

Lilikuwa gunia la maharage.

Walimlaza hospitali mjini. Mgongo na mikono vilifungwa bandeji, lakini madaktari hawakuongelea mgongo, waliongelea kifua. Nilikwenda kila siku mazoezi yalipokwisha. Mama yake alikuwa ametandika mkeka sakafuni karibu na kitanda, na harufu ya dagaa ilikuwa bado kwenye khanga yake, ile harufu niliyomtania nayo mwanawe miezi sita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Na wewe uliungua?"

Nikamwambia hapana.

"Huyo msichana wa watu, mlimpata?"

"Hakuwamo, mama."

"Alikuwa wapi?"

"Sijui."

"Basi Mungu ashukuriwe," akasema. "Yuko hai mahali." Akanimegea kipande cha muhogo, nikala, kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya na mdomo wangu.

Siku ya tano mwenza wangu alipata sauti, au kilichobaki. Nililazimika kuinama. Alisema aliingia chumba cha ndani, hakuona kitu, akapapasa hadi chini ya kitanda. Akagusa kitu laini, kimelala, kimefunikwa shuka. Akadhani ndiye. Alipumzika kidogo kati ya maneno, akinitazama. Kisha akasema, "Msomi. Na mimi nimeokoa gunia." Alitaka kucheka na kifua kikamkatalia, muuguzi akanitoa nje.

Wiki iliyofuata iliundwa kamati ya watu watatu, ikakaa katika darasa la ushonaji, kati ya vyerehani. Mama mdogo aliletwa na gari. Nilikuwa nje dirishani, nikisubiri zamu yangu, nikasikia. Aliulizwa, na mkalimani akamgeuzia, na safari hii alisema kweli yote: binti alikufa njiani, kabla ya kambi. Wakamuuliza basi nani aliyekuja kuchovya kidole. Akasema amesahau. Wakamuuliza tena. Akasema ilikuwa siku yenye watu wengi. Walimtisha kidogo, wala si sana, walikuwa watu wapole wenye njaa ya mchana. Hakunitaja. Kadi ilichukuliwa siku ile ile, yote, na wao wakahamishiwa kambi nyingine, mbali zaidi, waanze upya kuandikishwa. Kwa hiyo kile nilichokilinda kwa kunyamaza mlangoni mwa nyumba ile hakikudumu hata majuma mawili.

Alipotoka alinipita karibu. Hakusimama. Ningependa kuandika kwamba alinitazama kwa lawama, ningejua pa kuiweka. Alinisalimia kama anavyosalimiwa mtu wa serikali.

Mimi niliulizwa maswali mawili. Kama orodha ni mwandiko wangu, nikasema ndiyo. Kama naijua familia ile, nikasema hapana. Mmoja wa wajumbe alinisifu kwa mwandiko.

Matokeo yalibandikwa. Yeye wa kwanza, mimi wa pili, kama tulivyojua. Mkufunzi alikataa kufuta jina lake; alisema mtu ameingia mara mbili, huyo amefaulu. Nafasi ya mjini ikabaki wazi ikisubiri daktari aandike kama atafaa. Majuma matatu nilikaa chuoni nikifagia madarasa, kwa sababu sikutaka kwenda nyumbani kutazamana na mama. Kila alasiri nilikwenda hospitali kumwangalia akivuta pumzi. Nilimwombea apone. Naliandika hili kwa kuwa ni kweli, na kwa kuwa kuna jingine la kweli: nilikuwa namuuliza muuguzi swali moja kila siku, kifua kinaendeleaje, na ndani yangu walikuwa wanawake wawili wanaosubiri jibu, kila mmoja anataka lake. Sikuweza kuwatenganisha. Muuguzi aliniona mtu mwaminifu sana. Alimwambia mama yake kwamba kijana wake ana mchumba mzuri.

Mara moja nilikwenda nikiwa nimeamua. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu asubuhi, mafupi, hayana pambo. Nilimkuta amekaa, ameinamishwa mbele juu ya mto, maana akilala alikosa hewa. Akaniashiria nikae. Akaninong'oneza kwamba amekuwa akimfikiria yule msichana. Akasema laiti angetangulia kulia badala ya kushoto. Nilimwambia hakukuwa na mtu, kamati imesema. Akasema anajua kamati imesema. "Lakini mama yake alisema yumo," akasema. "Mama wa mtu hawezi kukosea hilo." Nikaurekebisha ule mto mbele yake, nikaenda zangu.

Simu iliita Alhamisi asubuhi. Chuo kizima kilikuwa na moja, mezani kwa mkuu wa chuo, na karani alikuja dirishani akaniita nikiwa na ufagio. Mkuu wa chuo alinipisha kiti chake, heshima ambayo hakuwahi kunipa, na kwa hiyo nilijua kabla ya kushika mkonga.

Alikuwa ofisa wa kikosi cha mji. Sauti ilikuja na kuondoka kama kawaida ya laini zile. Alisema taarifa ya daktari imefika. Mwenzangu hatafaa tena kwa kazi hii, wala ya majini, wala yoyote ya kubeba. Alisema pole. Nikasema asante.

"Kwa hiyo nafasi ni yako," alisema. "Nahakiki fomu tu. Umezaliwa Ujiji?"

"Ndiyo."

"Ndugu yeyote kambini?"

Nje ya dirisha wanafunzi wa useremala walikuwa wanaranda mbao. Niliwaangalia. Hakuna aliyenigeukia.

"Sina," nikasema.

Nilisikia kalamu ikiandika. Kisha akasema niripoti Jumatatu saa moja asubuhi, ila kuna jambo dogo. Sare watanishonea, lakini viatu walikuwa wameshaagiza vya yule mwenzangu, arobaini na tatu, na vingine havitakuja mwaka huu.

Nikamwambia nitaweka kitambaa.